Bi Weris wa Galbet na Malmal Aliyoizuia

Alizaliwa malishoni upande wa Buna, mwaka 1951 kwa hesabu ya mamake, aliyekumbuka kwamba mvua ilichelewa na ngamia wawili tu ndio waliokuwa na maziwa. Babake, mzee Gelle, alimwita Weris. Shule hakuipata, lakini Kurani aliisoma kwenye ubao, na miti aliisoma kwa bibi yake, hasa ule unaotoa malmal, utomvu mchungu unaofukizwa na kulowekwa kuwa dawa. Kila alipovuna, Weris alisema bismillahi, akakwangua gome upande mmoja tu, kisha akauacha mti upone misimu miwili. Ujuzi huo ulikuwa wa nyumba yao, mgeni hakuonyeshwa. Alipoolewa Garissa, mtaa wa Galbet, wagonjwa walimfuata huko huko, na aliyekuja mikono mitupu alipewa chai kwanza.

Jaribu lake lilikuja mwaka 2009. Kaka yake Yarow alianza kutokwa damu chooni. Kwa desturi damu ya namna hiyo huitwa bawasiri na haichunguzwi, maana ni aibu mtu mzima kumvulia daktari nguo. Weris naye akasema bawasiri. Akamchoma kiunoni kwa kijiti cha moto, akamnywesha malmal na maziwa ya ngamia miezi minane. Damu ilipungua, lakini mwili ukazidi kukonda. Walipofika hospitali, ilikuwa saratani ya utumbo mpana, nayo imeshaingia kwenye ini. Yarow alifariki mwezi wa Rajabu. "Mungu ndiye aliyepanga siku yake," Weris aliwaambia waliokuja kutoa pole, "lakini mimi ndiye niliyesema bawasiri."

Miaka ikapita. Akaja Fartun, binti wa Wajir anayechunguza dawa za mimea katika maabara ya chuo, akaomba kuonyeshwa mti. Binamu yake Weris, Sakariye, akawaka: "Unauza mti wa babu?"

"Mti ni wa Mungu, Sakariye. Wewe hata maji hujawahi kuumwagia."

Weris akasafiri na Fartun mpaka Buna, akauweka mkono wa binti huyo juu ya gome. Mwaka 2021 Fartun alirudi na habari: kitu kimoja kilichotolewa ndani ya malmal kilizuia chembe za saratani ya utumbo kukua katika kisahani cha kioo. Weris akauliza swali moja tu: "Kuna mtu amekunywa akapona?"

"Bado, ayeeyo," Fartun alijibu, akimwita bibi kwa Kisomali. "Hata panya bado."

Redio haikungoja, ikatangaza kwamba dawa ya saratani imepatikana. Watu wakajaa uani kwake, na katikati yao alisimama Salah, mwana wa Yarow, dalali wa ngamia huko Elwak. Naye alikuwa na uvimbe utumboni, ulioonekana mapema, na upasuaji ulipangwa Jumatatu. Alibeba dumu la maziwa.

"Eeddo," alimwambia shangazi yake, "redio imesema dawa iko. Kisu ya nini tena? Nichanganyie."

"Redio imekuona tumboni?"

Watu wakacheka. Salah hakucheka. "Wallahi, watu wa maabara unapea, mimi damu yako unaninyima!"

Weris akasimama, ijapokuwa magoti yalimuuma, akasema mbele ya wote waliokuja kumsifu: "Malmal hii nilimpa babako. Kaburi lake unalijua. Kama inaponya, sijui. Sikupi hata tone mpaka wakutoe huo uvimbe. Niite mchoyo. Ukiniita hivyo mwakani ukiwa hai, nitashukuru."

Salah akaondoka na dumu lake. Jumatatu asubuhi alimkuta shangazi yake ameshakaa kwenye benchi la wadi, tasbihi mkononi.

"Nimekuja kwa hasira tu," akasema.

"Hasira inatosha. Ingia."

Salah alikatwa kipande cha utumbo, akapona. Bi Weris alifariki Ijumaa moja mwaka 2024, baada ya kutawadha. Wapo wanaosimulia kwamba miti yake ilitoa utomvu mwaka ambao mingine yote ilikauka. Lakini ajabu inayoonekana kwa macho iko katika soko la ngamia la Elwak, ambako Salah husema kwa sauti habari za damu chooni, na wanaume wazima humfuata hospitali bila kujifunika nyuso. Fartun anaendelea na kazi yake, nasi tuna tumaini. Anayetaka kumfuata Bi Weris asianze na miti. Aanze pale penye uzito: aseme "sijui" mbele ya wanaomsifu, kisha amshike mgonjwa mkono ampeleke kwa anayejua.