Pete ya Mama na Mashine ya Kutetema

Mtaa mzima ulimwita Midomo, na wala si kwa sababu ya maneno mengi, ingawa maneno nayo alikuwa nayo ya kujaza pipa. Aliitwa hivyo kwa kuwa alivijua vito kwa mdomo. Ukimpelekea pete ya jiwe, hakukimbilia lenzi kama mafundi wa siku hizi. Aliifuta kwa pindo la shati, akaigusisha mdomo wa chini, akafumba macho kama mtoto anayeonjeshwa dawa. Jiwe la kweli ni baridi, na hukaa na ubaridi wake kama mtu aliyenuna. Kioo ni mgeni asiye na haya: ukikigusa tu, kishachukua joto lako. Lulu aliisugua kwenye jino. Ikiwa na mchangamchanga, ni lulu. Ikiteleza, mrudie aliyekuuzia mkaelewane. Wasomi watasema kuna vipimo bora. Sawa, wasomi wabaki na vipimo vyao. Midomo alikuwa na midomo, na kwa miaka thelathini na minne kwenye karakana ya sonara haikuwahi kumdanganya.

Alipostaafu alihamishia kazi sebuleni. Meza chini ya dirisha, kitambaa cheupe, bakuli, mswaki wa mtoto mchanga, chupa ya sabuni ya vyombo, na katikati, imekaa kama bibi harusi, mashine aliyoletewa na mkwewe. Ni kibeseni cha chuma tu, hakizidi sufuria ya chai ya watu wawili, kina kifuniko na kitufe. Unatia maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni, unaweka pete kwenye kikapu chake ili isisugue chuma, unabonyeza. Kinalia nzzz kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Maji yanatetemeka kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyapati, na uchafu wa miaka unatoka kwenye kona za pete kama moshi. Mteja akionyesha dharau, Midomo alikata kipande cha foili, akakitumbukiza, akakitoa baada ya dakika kimetobokatoboka kama kimeliwa na mende.

"Umeyaona meno ya maji?" angemwambia. "Sasa ujue kwa nini si kila kito kinaingia humu."

Kwa hilo alikuwa mkali kuliko mlinzi wa benki. Dhahabu tupu, karibu. Almasi, karibu, ila kwanza aliigongagonga pete karibu na sikio, na jiwe likicheza hata kidogo lilirudi nyumbani. Lulu, marijani, feruzi, hapana. Chochote kilichogandishwa kwa gundi, hapana. Zumaridi ndiyo hapana kabisa, hata mwenyewe alie. Zumaridi huwa na nyufa tumboni, na wauzaji huzijaza mafuta zisionekane. Ukiitia kwenye mtetemo, mafuta yanakimbia, nyufa zinajitokeza, na hakuna fundi wa kukurudishia ile sura.

"Zumaridi ni kama mama mkwe," alipenda kusema. "Iguse taratibu, kwa maji ya uvuguvugu, na usiipigie kelele."

Na kweli zumaridi pekee iliyowahi kumkosesha usingizi ilitoka kwa mama mkwe. Bibi huyo alifariki akaacha mabinti wawili na pete moja. Hapo hata mtoto wa chekechea anajua hesabu haitoki. Mkubwa alisema pete ni yake kwa kuwa yeye ni mkubwa. Mdogo, ambaye ndiye mke wa Midomo, alisema ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyemuuguza mama. Miaka mitatu hawakusalimiana. Wakikutana msibani, mmoja anakaa huku, mwingine kule, na katikati shangazi zao wanapitisha maji ya kunywa.

Aliyewapatanisha ni Midomo. Aliichukua pete ile akaitolea chapa, akamimina dhahabu, akachora maua yaleyale ubavuni, akapachika kioo cha kijani. Ikatoka pacha ambayo hata yeye mwenyewe hakuweza kuitofautisha kwa vidole. Akawaita dada wale wawili mezani akatoa hukumu: mwaka huu pete ya mama ikae kwa mkubwa na pacha kwa mdogo, mwakani mbadilishane. Na kila mwaka, tarehe aliyofariki mama, dada mkubwa alikuja hapo nyumbani. Midomo aliziosha pete zote mbili, ya mama kwa mkono, pacha kwenye mashine, dada wakabadilishana vidoleni, kisha wakakaa mpaka alasiri wakila, wakicheka, wakimwiga mama yao anavyokohoa. Siku nyingine zote za mwaka hapakuwa na simu wala salamu. Mke wa Midomo hakuwa na mtoto wala ndugu mwingine wa tumbo moja, maana yule mkwe aliyeleta mashine ni mume wa binti wa kaka yake Midomo. Ukiondoa siku hiyo moja, alikuwa mtu wa peke yake duniani, yeye na mume wake mwenye domo.

Sasa njoo kwenye lile Midomo alilokuwa halisemi. Macho yalikuwa yanamwishia. Daktari alimwambia si mtoto wa jicho, huyo angetolewa; hii ni presha ya macho, na kilichokwisha kufa hakirudi. Alimpa matone ya kuzuia kilichobaki. Midomo akaificha chupa nyuma ya mafuta ya cherehani, akarudi mezani kuchapa kazi kama kawaida. Dunia aliiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lina ukungu. Rangi ya kijani na ya bluu zilikuwa zimeshaoana. Lakini midomo ilikuwepo, vidole vilikuwepo, kwa nini mtu ajitangaze? Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo aliijua vizuri, na alishawahi kuwaambia wengine.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya pete ya mama kuhamia kwa mkubwa. Dada mkubwa alifika asubuhi ya mvua, na baridi imeshika hata vitasa vya milango. Akafunua mkoba, akatoa pacha iliyokuwa imefungwa kwenye leso.

"Shikamoo huniamkii, shemeji?" alisema.

"Nakuamkia nini, na wewe kila mwaka unarudi mdogo kuliko ulivyoondoka?"

"Domo hilo. Haya, osha. Na mwaka huu usinibadilishie jiwe, maana nakujua."

"Ningekuwa mwizi, dada yangu, ningeanza kwa kuiba mke mwenye dada mpole."

Akacheka yule mama mpaka akashika ukuta. Hivi ndivyo walivyoanza kila mwaka, na utani huo ulikuwa na mfupa ndani yake, maana hakuwahi kuamini moja kwa moja kwamba katika miaka yake anapewa ile ya kweli.

Huko jikoni mke wa Midomo alikuwa anapigana na kidole. Kwa kawaida aliivua pete usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa mafuta. Mwaka huu viungo vilikuwa vimevimba, mafuta yakashindwa. Ikabidi auzamishe mkono kwenye maji ya moto na sabuni, auache humo, avute, auzamishe tena. Ilipochomoka, aliikausha haraka kwa aproni, akaiweka kwenye sahani ndogo pamoja na ya dada yake, akampelekea mumewe.

"Hii ya huku ndiyo..."

"Bibie," akamkatiza. "Nimetengeneza moja na nimeiosha nyingine miaka kumi na tisa. Unataka kunitambulisha kwa watoto wangu?"

Dada mkubwa akacheka tena. Mke akaenda kuandaa chai. Na hapo, msomaji, ungekuwa umekaa kwenye kiti kile cha mbao karibu na dirisha, ungeona kila kitu kwa macho yako mazima, na ungechelewa vilevile, maana ilichukua muda wa kupiga chafya. Midomo aliinua pete ya kwanza akaigusisha mdomo. Vuguvugu. Kioo hicho. Akainua ya pili, ile iliyosafiri na mvua ndani ya mkoba. Baridi kama chuma cha geti. Karibu, mama mkwe.

Akaiosha ile ya baridi kwa mkono, taratibu, kwa mswaki wa mtoto mchanga, huku anamweleza shemeji yake namna watu wajinga wanavyoharibu vito kwa haraka. Ile ya vuguvugu akaitia kikapuni, akafunika, akabonyeza. Nzzz. Na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa matamu, dakika tatu zikawa saba.

Alizitandaza kwenye kitambaa cheupe kama mtu anayetandika karata za ushindi. Mke alikuwa anaingia na birika. Alitazama mezani, akaliweka birika chini polepole, palepale sakafuni.

Pete moja ilikuwa inawaka kijani kama soda. Nyingine jiwe lake lilikuwa limepauka, limejaa mistari myeupe iliyotawanyika kila upande kama matope ya bwawa lililokauka, na kona moja imebanduka kabisa.

"Ya mama hii hapa," Midomo akasema kwa raha, akanyoosha ile inayowaka.

Dada mkubwa aliipokea, akaisogeza kwenye mwanga, kisha akatazama ile nyingine. Akatikisa kichwa.

"Kumbe tofauti ipo," akasema. "Miaka yote najisumbua roho. Shemeji, kioo chako kimepasuka vibaya."

"Kimepasuka?" Midomo akauliza.

"Si unakiona? Kimepasukapasuka chote."

Midomo hakuwa anakiona. Alikipapasa kitambaa mpaka kidole kikaikuta, akapitisha ukucha juu ya jiwe. Ukucha ukakwama, ukatoka, ukakwama tena. Miaka thelathini na minne, mtu haambiwi. Kioo kizima hakipasuki hivyo ndani ya dakika saba.

"Basi mambo ni hivi," dada mkubwa akaendelea, na wala hakuwa na ubaya sautini, alikuwa anapanga tu kama wakubwa wanavyopanga. "Pacha ndiyo imekufa. Mwakani nikikupa ya mama, mdogo wangu, mimi nirudi nimevaa nini? Kigae? Ya mama ibaki kwangu moja kwa moja. Mimi ndiye mkubwa, na tumeshazeeka, hizi safari za kila mwaka na magoti haya zinanichosha. Au nimekosea?"

"Shemeji," Midomo akaanza, "sikiliza, hiyo uliyo..."

"Mzee," mke akasema. "Chai."

"Nataka kumwambia..."

"Nimesema chai, mzee." Akamgeukia dada yake. "Hujakosea, dada. Kaa nayo."

Dada mkubwa aliivaa, akaunyoosha mkono, akautazama kwa upande huu na upande ule. Akasema inamkaa kuliko zamani. Alikunywa kikombe kimoja. Hawakumwiga mama yao siku hiyo; mmoja alijaribu, mwingine akatabasamu tu, ikaishia hapo. Mvua ilipopungua akaaga. Mlangoni dada wale walikumbatiana muda mrefu, na mkubwa akasema tutaonana, Mungu akipenda, bila kutaja lini.

Midomo alikuwa bado amekaa mezani.

"Ungeniacha niseme," alimwambia mkewe aliporudi.

"Useme nini? Kwamba ya mama imeharibika mikononi mwako? Angeamini kwamba hukukusudia? Angeondoka na hasira na mikono mitupu. Sasa ameondoka na furaha."

"Ameondoka na kioo."

"Ameondoka na mama yake. Asiyejua kitu hakimuumi."

"Na wewe?"

Mkewe alichukua ile pete iliyopauka akajaribu kuivaa, ikagoma kwenye kifundo kilichovimba. Akaisukuma, ikagoma. Akaitia mfukoni mwa aproni.

"Ilikuwa ya moto," Midomo akasema. "Jiwe haliwi la moto asubuhi ya baridi."

"Niliitoa kwa maji ya moto. Nilitaka kukwambia."

Midomo akakubali kwa kichwa. Nje kuna mtu alikuwa anafagia maji mbele ya mlango wake, shwaa, shwaa.

"Bibie, hebu niambie. Jiwe lina hali gani?"

Mkewe alimtazama. Pete ilikuwa imelala hapo juu ya kitambaa cheupe dakika chache zilizopita, mbele ya pua yake, kwenye mwanga wa dirisha.

"Tangu lini huoni?" akauliza.

"Tangu mwaka juzi."

"Na daktari?"

"Alishasema. Hakuna cha kufanya."

Mkewe alilichukua birika kutoka sakafuni, akaona chai imepoa, akaenda kuimwaga. Alikaa huko jikoni muda mrefu kuliko inavyohitaji chai kumwagwa, na Midomo akasikia bomba limefunguliwa na halifungwi.

Kesho yake asubuhi, mwalimu mmoja wa shule ya jirani alibisha hodi na mkufu wa dhahabu uliofubaa. Dhahabu tupu, kitu ambacho mashine ingekisafisha kwa dakika mbili bila madhara yoyote. Midomo alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, anakitafuta cha pili kwa mkono. Alisikia mlango unafunguliwa.

"Fundi yupo?" mwalimu akauliza. "Ni kuosha tu."

"Yupo," mke akajibu. "Lakini hapokei kazi tena."

"Mpaka lini?"

"Hapokei, mwalimu. Uoshe mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, utatakata."

Mwalimu akashukuru akaenda zake. Midomo alisubiri asikie mdomo wake ukibisha, ukipaza sauti kutoka chumbani kwamba huyo mwanamke anatania, lete mkufu, ingia, kaa. Alisubiri, lakini haukusema chochote. Basi akaacha kutafuta kiatu.