Ukoko wa Mama

Harufu ya ugali unaoungua chini ya sufuria bado hunirudia, na kila mara hufuatwa na ile sauti ya kijiko kikikwaruza. Ndivyo siku zetu zilivyoisha katika chumba cha mabati tulichopanga Noonkopir, mtaa wa Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mvua ilipokataa kabisa kunyesha. Tukishakula, Mama aliivuta sufuria miguuni pake, akabandua ukoko wa kando na wa chini, akaunyunyizia chumvi na kuutafuna polepole. Tulimwomba. Ulikuwa mkavu, una ladha ya moshi, nasi tuliuona kama biskuti. Alitukatalia, na Mama hakuwa mtu wa kunyima. "Ukoko ni wangu," alisema. "Mimi napenda ukoko kushinda ugali." Tukamwita mchoyo, tukacheka, tukaenda kulala.

Kabla ya ukame, mama mmoja Mmaasai alituletea maziwa kutoka upande wa Mashuuru. Kisha ng'ombe wakaanza kufa. Mizoga ililala kando ya barabara ya Namanga, na upepo ukatuletea uvundo hadi darasani. Maziwa yakaisha. Sukuma wiki ya kibandani ikanyauka, kisha ikakosekana, na bei ya maharagwe haikuulizika. Baba alikuwa ameachishwa kibarua kiwandani Athi River, akawa anarudi na unga peke yake, siku ya bahati na vidagaa kidogo vya omena. Omena hiyo Mama aliigawa kwetu na kwa Baba. Sisi watoto angalau shuleni tulipewa githeri ya mahindi na maharagwe mchana. Mama hakuwa na shule ya kwenda.

Mikono yake ilianza kuwa myeusi na kuchubuka hadi viganjani, kana kwamba aliichovya kwenye maji yanayochemka. Kisha ikawa shingo: alama nyeusi iliyomzunguka kama mkufu. Akaanza kuhara, kulia bila sababu, kuacha moto ukiwaka huku hajabandika kitu. Akina mama wa maombi waliokutana kwenye ploti yetu waliitazama shingo ile wakaogopa. "Mama Nekesa amefungwa kamba," kiongozi wao akamwambia Baba. "Adui ndiye anamvuta." Na dawa yao ikawa mfungo wa siku tatu. Hadi leo hasira hunipanda nikikumbuka: mtu anayekufa kwa kukosa chakula akaambiwa asile. Naye Mama, kwa utiifu wake, akauacha hata ule ukoko.

Siku ya tatu tulirudi kutoka shule tukamkuta amesimama mlangoni, leso ameifunga vizuri. "Wenyewe hawako," alituambia kwa heshima. "Mnatafuta nani?"

Mdogo wangu Wafula alidhani ni mchezo. "Tunatafuta Mama," akajibu.

Mama aligeuka, akaangalia chumba chote, akatikisa kichwa. "Huyo alienda. Ngojeni hapo nje." Tukangoja nje tukilia, mpaka Baba akaja.

Aliazima gari la jirani akampeleka hospitali Kajiado, nami nikaenda nikiwa nimemshikilia Mama mkono. Baba alianza kueleza habari za mapepo. Daktari hakumsikiliza sana. Alimwinua Mama kidevu, akatazama ile alama, akauliza, "Huyu mama hula nini?"

"Ugali," Baba akasema.

"Na nini?"

Baba akanigeukia mimi. Alikula chumba kimoja naye kila usiku, na hakujua.

"Ukoko," nikasema. "Na chumvi."

"Hakuna mapepo hapa, mzee," daktari alisema. "Hii ni pelagra. Mtu akila mahindi tu, bila nyama, bila maziwa, bila mayai, inaanza kwa ngozi na tumbo, halafu inapanda kichwani. Mmemleta ikiwa imeshapanda."

Baba aliinama mpaka paji la uso likagusa kitanda. Vidonge vilimponya Mama ngozi, na polepole majina yetu yakamrudia. Si yote yaliyorudi. Yeye aliyekuwa akifuma sweta za shule za mtaa mzima hakuweza tena kufuata mishono. Alikuwa akishika sindano, akaziangalia, akaziweka chini. Kanisani walitoa ushuhuda kwamba mfungo umejibiwa.

Siku hizi Kitengela ni magorofa, na kila kona ina bucha. Mama anaishi nami. Friji langu halikosi maziwa wala mayai, na huketi naye mpaka amalize sahani. Msimu ule haukumbuki. Nikimuuliza, husema, "Ukame gani?" Lakini tukishakula huitisha sufuria, na nikimkataza hukasirika. "Wewe Nekesa! Si unajua mimi tangu zamani napenda ukoko?" Ugonjwa ulimfutia kumbukumbu ya njaa, ukamwachia ule uongo aliotudanganyia, na sasa anauamini.

Juzi binti yangu alimwomba kipande. Mama akaificha sufuria chini ya leso, akamkatalia huku akicheka.

"Nyanya ni mchoyo," mtoto akasema.

Nilimzaba kofi kabla sijajua nimeinua mkono. Akaangua kilio, bila kujua amekosa nini, na mimi nikashindwa kumweleza. Mama alinitazama kwa mshangao. Kisha akamvuta mjukuu wake kifuani, akafunua sufuria, akampa ukoko wote.