Macho ya Yatakwisha

Kijijini Kirongwe mbwa hapewi jina la bure. Jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani. Bimkubwa alimwita mbwa wake Yatakwisha, na kila mtu alijua analengwa shemeji yake Matano, bingwa wa kusema watu.

Tangu nyavu za makokoro zipigwe marufuku kwenye hifadhi ya bahari na mumewe kwenda Kilwa kutafuta riziki, Bimkubwa alikula muhogo, akauza muhogo, akasomesha watoto kwa muhogo. Aliyeuzuia usiliwe na nguruwe pori ni Yatakwisha peke yake. Naye sasa alikuwa anazeeka. Bimkubwa aliutaka uzao wake kuliko bati jipya la nyumba.

Lakini watoto wa kwanza wa Yatakwisha walipofuka wote, mmoja akatumbukia kisimani. Bimkubwa akatangaza kijiji kizima, "Ni lile dume la Matano! Mbegu mbovu!" Matano akaacha kumsalimu.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja mbuzi akamwambia, "Mama, kabla hujampandisha tena, tupime macho ya wazazi wote wawili." Bimkubwa akafurahi. Haya, leo ataumbuka mtu!

Dume likamulikwa tochi: macho safi. Akaletwa Yatakwisha. Lahaula! Ndani ya mboni kumetanda ukungu.

"Huyu haoni, mama, analinda kwa pua. Ugonjwa huu hurithiwa. Asizae tena."

Bimkubwa aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote alimtupia ugali kwa mbali, akikimbia mate yake, maana kwa Mwislamu kuosha najisi ya mbwa mara saba na udongo si mchezo. Hakuwahi kumtazama usoni.

Na Yatakwisha alikuwa kwenye joto la kutaka dume, madume yameshauzunguka ua. Kumwachia shambani ni kuzaa vipofu wengine. Kumfungia ni kuwakaribisha nguruwe. Akamfungia jikoni, mahali ambapo hata kuku hufukuzwa.

Asubuhi nusu ya shamba ilikuwa imefukuliwa. Matano akapita njiani.

"Shemeji, dume lako halina kosa," Bimkubwa akasema huku akilia. "Nilikusingizia. Niwie radhi."

"Basi mbadilishie jina huyo mbwa," Matano akajibu, akaenda zake.

Madume yalipotawanyika, Bimkubwa akafungua jiko. Yatakwisha akatoka mbio, akanusa shimo hadi shimo, akibwekea nguruwe walioondoka zamani. Hakunyamaza. Bimkubwa akamfuata, akapiga magoti, akamkumbatia shingo kwa mikono mitupu.

"Basi, mwanangu," akamwambia. "Si kosa lako. Nilikufungia mimi."