Wanaume Wawili na Arobaini Yangu

Kwetu Mombasa mwanamke akishajifungua huitwa mzazi, na kwa siku arobaini kazi yake ni kulala, kula na kunyonyesha. Mama yake huja kukaa naye. Hupikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, hukatazwa kushika hata ufagio, na mume husogezwa kando mpaka atakapohitajika. Dada zangu wawili walifanyiwa hivyo mbele ya macho yangu. Kwa hiyo nilipopata mimba hapa Thornton Heath, jambo la kwanza kuwaza halikuwa kitanda cha mtoto wala nguo zake. Niliwaza ni nani atakayenipikia uji.

Mama alinyimwa viza. Tukaomba tena, akanyimwa tena. Kisha mtoto akaja kwa upasuaji, na nesi akaniambia nisinyanyue kitu chochote kizito kuliko mtoto mwenyewe. Mume wangu ni dereva wa basi, na likizo aliyopewa ilikuwa ya wiki mbili tu. Baada ya hapo ningebaki peke yangu na kidonda kibichi, ngazi za kupanda na kushuka, na tumbo la njaa. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Msije mkadhani mume wangu hajui kupika. Anajua kupita kiasi. Harusi za watu wetu kusini mwa London haziendi mpaka aitwe yeye, na utamkuta uani na masufuria yake, ameshika mwiko mrefu, akiwaamrisha wanaume wenzake kama jemadari. Biriani yake imewahi kuwafanya watu wagombane. Lakini jikoni mwa nyumba yake mwenyewe alikuwa akiingia kutafuta maji ya kunywa, basi. Ukimuuliza, alikuwa na jibu lake tayari: moto wa nje ni wa wanaume, moto wa ndani una wenyewe. Babake aliishi hivyo, na babake babake, na nadhani hata Adamu alimwachia Hawa jiko.

Tegemeo langu lilikuwa jirani. Tunapakana ukuta mmoja na wazee wawili waliotoka Kolombia miaka mingi iliyopita, mume na mke, watoto wao wameshahama. Yule bibi alipoiona mimba yangu alikuja na kuniambia, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba kwao nako mzazi hukaa ndani siku arobaini na kunyweshwa supu ya kuku. Wanaita cuarentena, na neno lenyewe latokana na arobaini yao. Nilicheka kwa furaha. Watu wametengwa na bahari nzima, hawajawahi kuulizana, na wamehesabu siku zilezile.

"Mama yako asiwe na wasiwasi," akaniambia. "Hiyo arobaini nitakufanyia mimi."

Wiki moja kabla sijajifungua, bibi aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa na plasta mpaka kwenye kiwiko, na alipokuja kuniona alikuwa akilia, mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamuuliza kama mzee hawezi kumsaidia kupika. Akafuta machozi. Mume wake, akasema, ni macho sana.

Usiku nikampa mama habari kwa simu.

"Bibi amevunjika mkono, na mumewe hapiki. Yasemekana ni macho sana."

"Maskini. Macho yamefanyani? Ana mtoto wa jicho?"

"La, mama. Kwao macho ni mwanamume aliyejaa uanaume. Hashiki mwiko, halii, haambiwi."

"Ala," akasema. "Kumbe ni babako."

Tulicheka, lakini alipokata simu nilijua kwamba naye alikuwa akiogopa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wangu alikuwa mbali.

Basi tukatoka hospitali na mtoto wetu wa kike. Siku za kwanza tulikula vyakula vya kununua. Mume wangu alikuwa akiniletea wali na kuku wa kukaanga kwenye mifuko, na kila mfuko aliuweka mezani kwa fahari kama mtu aliyetoka kuwinda. Sikuwa na nguvu ya kulumbana. Likizo yake ilikuwa ikiyeyuka.

Asubuhi moja nikasikia harufu ya makaa. Nikajikokota mpaka dirishani, na kule uani kwa jirani nikamwona mzee amesimama manyunyuni na koti na kofia, mbele ya jiko lake la kuchomea nyama. Juu ya jiko hapakuwa na nyama. Palikuwa na sufuria kubwa yenye kifuniko, na mkewe amesimama kwenye mlango wa nyuma akimpigia amri kwa ule mkono mzima. Mzee alikuwa akinipikia supu. Jikoni hakuwa tayari kuingia, kwa hiyo alikuwa amelitoa jiko nje.

Nikamwita mume wangu aje aone. Akatazama muda mrefu.

"Makaa yamekaa upande mmoja," akasema. "Atamaliza gunia na kuku hajaiva."

Akachukua mwavuli akatoka. Nilidhani anakwenda kumhurumia mzee, kumbe alikwenda kwa sababu mpishi wa harusi hawezi kuona sufuria ikidhulumiwa. Nikawatazama wamesimama bega kwa bega chini ya mwavuli mmoja, mmoja akiyapanga makaa, mwingine akichungulia chini ya kifuniko, wote wawili na nyuso za watu wanaojenga daraja. Nikacheka mpaka nikashika mshono wangu kwa maumivu.

Supu ile ilikuwa na mahindi, viazi na giligilani. Kuku alikuwa jike aliyekomaa, na mzee mwenyewe alikuwa amekwenda kumnunua kwa mchinjaji wa halali kule barabara kuu kwa sababu anajua sisi ni Waislamu, wala hakutaja jambo hilo, nililijua kwa mkewe. Nilikunywa mabakuli mawili. Mwili ukapata joto ambalo sikulipata tangu nijifungue, na nikalia, maana nilijua sasa kwamba kuna mtu ananiuguza.

Wakaendelea hivyo, kila baada ya siku chache. Kisha ikaja siku ya upepo na mvua ya kweli. Makaa yakazimika kuku akiwa nusu mbichi, na wanaume wangu wawili wakabaki wakiitazama sufuria. Mume wangu ndiye aliyeinyanyua. Akapita nayo mpaka kwetu, viatu vyote matope, akaitua juu ya jiko la ndani na kuliwasha. Mzee akasimama mlangoni, hakuvuka.

"Ingia, mzee wangu," mume wangu akamwambia. "Hili ni jiko la watu wengine. Halihesabiki."

Mzee akalifikiria hilo, akaona lina mantiki, akaingia.

Tangu siku hiyo hawakutoka. Mume wangu aliporudi kazini aliomba zamu za jioni, na asubuhi akawa hapo jikoni na mzee. Siku moja nikiwa kitandani nikamsikia akizungumza kwa adabu isiyo ya kawaida.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua. Ule uji, pilipili manga yatiwa kabla ya maziwa au baada?"

Alikuwa amempigia mkwewe mwenyewe, kuuliza mambo ya uzazi, jambo ambalo mwanamume wa kwetu angeona afadhali ardhi immeze. Nikamsikia mama akimjibu taratibu, hatua kwa hatua, na sauti yake ilikuwa imeanza kutulia. Mwishoni akamwambia, "Mungu akuweke, mwanangu." Kwa miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akimwita bwana harusi.

Kuzaa si kazi, kazi kulea, na mimi nililelewa pamoja na mtoto wangu. Bibi alikuwa akija kukaa nami sebuleni, mtoto amelala juu ya plasta, akinisimulia riwaya nene anazozipenda za kwao. Wanaume wa vitabu hivyo, alisema, hupigana vita, huzaa kila mji na hufa kwa fahari, na katika kurasa zote hizo hakuna hata mmoja anayeosha sufuria.

Siku za mwisho za arobaini yangu nilimuuliza yeye alilelewaje. Kwa watoto wawili wa kwanza, akasema, mama yake alimpikia siku zote arobaini. Wa tatu alizaliwa hapa London, mama yuko mbali, fedha hakuna. Siku ya nne alikuwa ameshainuka, na haikupita muda akarudi kufagia maofisi. Mumewe alikuwa uani akiwachomea nyama rafiki zake waliokuja kumpongeza kwa mtoto wa kiume.

"Hakuwa mtu mbaya," akasema. "Alidhani supu hujipika."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na vyombo vilikuwa vimeacha kugongana, lakini hatukulitilia maanani. Baada ya kitambo mzee akatoka na mabakuli mawili. Moja akanipa mimi. La pili akalishika kwa mikono yote miwili, akainama na kuliweka mbele ya mkewe. Nikamtania kwamba bibi hana haki ya supu hii, mzazi humu ndani ni mmoja.

"Na huyu alizaa," mzee akanijibu. "Mimi ndiye niliyechelewa."

Bibi akachukua kijiko kwa mkono wake mzima. Akanywa polepole mpaka bakuli likawa tupu, na mzee hakuketi mpaka alipomaliza.