Fundi wa umeme kamuulizia mwenye nyumba

Leo nimekwenda uani kumwita mume wangu aje aongee na fundi wa umeme.

Mume wangu tulimzika kwao Usoke mwaka jana.

Ilikuwa hivi. Ubao wa mita umeliwa na mchwa (mchwa wa Tabora mnawajua!), mita ikabaki inaning'inia kwa nyaya zake. Nikapiga simu, fundi akaja na pikipiki.

"Shikamoo mama."
"Marahaba."

Akaitazama mita, akasema, "Mama, mita ni mali yetu, tutaifunga sisi. Ila kuweka ubao mpya ni juu ya mwenye nyumba. Yupo?"

Nikajibu bila hata kufikiri, "Yupo uani, ngoja nikamwite."

Na kweli nikaenda! Nimefika mpaka kwenye baiskeli yake, nikaita kwa sauti, "Baba Neema!"

Kuku tu ndio waliogeuka.

Nikarudi, nikamwambia fundi, "Mwenye nyumba ni mimi."

"Sawa mama, basi tafuta ubao."

Ubao nitapata, mbao hapa mjini hazijaisha. Ila nyie wenzangu mliofiwa, mliacha lini kuita?