Kioo cha Nyuma

Kila alipotaka kurudi nyuma, dereva wa trekta ndogo pale Mwabungo alizima injini, akateremka kwa taabu na goti lake bovu, akazunguka akiinama kuchungulia chini ya magurudumu, kisha akapanda tena akihema. Hakumwambia mtu sababu. Muange, fundi wa kuchomelea, alimwonea huruma. Alikata bati la nyuma ya kibanda cha dereva akatia kioo kipana, na chini ya mlango akachomelea kidato cha kukanyagia.

"Hebu jaribu, mzee. Sasa utaona mpaka chini, huna haja ya kuteremka."

Mzee alipanda bila kuhema. Aligeuza shingo, akatazama kupitia kioo kile kwa muda mrefu.

"Ningemwona," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani, mzee?"

"Mamake watoto, Mungu amrehemu. Alikuwa amechutama pale nyuma, akiokota muhogo."

Muange alivua miwani yake ya kazi. Mzee alikuwa akikipapasa kioo kwa kiganja, taratibu, kama mtu ampangusaye mgonjwa jasho.