Siku Niliyomcheka Mzamiaji

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa kuchunga ng'ombe huko Kaisho, mfanyabiashara mmoja kutoka Bukoba alipoangusha cherehani ziwani. Mtumbwi uliyumba, mzigo ukateleza, basi. Alimwita Byabato, mvuvi aliyeweza kukaa chini ya maji muda mrefu kuliko yeyote bondeni kwetu, azame aifunge kamba tuivute.

Mfanyabiashara alibaki ufukweni; mtumbwini tulikuwa watatu: Byabato, Mzee Kaijage mpiga kasia, na mimi niliyeshika kamba ya pili, ile aliyojifunga Byabato kiunoni. Alizama mara ya kwanza, akarudi mikono mitupu. Meno yake yalikuwa yakigongana, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Mwili unaniuma tangu jana," alisema. "Nadhani ni homa."

Nikacheka. Sisi wa ng'ombe tulikuwa na kiburi chetu, sikufichi. "Homa gani? Ndama wangu wa juzi anaogelea hapa akicheza! Sema unaogopa, bwana."

Byabato alivuta pumzi, akazama tena.

Tulikuwa tumekubaliana atikise kamba akiwa tayari. Haikutikisika. Nilihesabu, nikaacha kuhesabu. Kisha akaibuka mbali kidogo, macho wazi lakini hayaoni, akakohoa mara moja na kulala kifudifudi juu ya maji.

Nilisimama nikavuta kwa nguvu zote, kama tulivyozoea kumvuta ng'ombe aliyenasa matopeni. Mtumbwi ukainama. Kila nilipovuta, kiuno kilikuja na kichwa kikazidi kuzama.

"Keti!" Kaijage alifoka. "Huyo si ng'ombe! Unamnywesha ziwa zima! Legeza!"

Mzee yule akajitosa. Alimfikia kwa nyuma, akamgeuza uso juu, akamshika kidevu. "Sasa vuta. Polepole, omwana, polepole."

Walipofika ubavuni nilinyoosha mikono nimpandishe Byabato. "Acha, tutapinduka sote," alisema Kaijage, mkono mmoja ukishika mtumbwi, mwingine ukiinua kile kidevu. "Piga kasia." Nilipiga kasia nikilia, na hata leo sioni aibu kusema hivyo.

Ufukweni tulimlaza ubavu. Maji yalimtoka, akakohoa, akavuta pumzi. Nilipomfunika shuka langu nilisikia mwili wake unawaka. Mfanyabiashara hakuuliza habari ya cherehani. "Ikae huko huko," alisema, akaenda kutafuta maziwa ya moto.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa Byabato. Nilipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, kaka. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka." Sauti yake ilikuwa bado nyembamba. "Ungeniambia pole tu, ningebaki mtumbwini."

Niliinuka, nikaketi kando yake.

Mwanangu, mtu akikuambia anaumwa, mwamini kwanza. Akikudanganya, umepoteza nini? Usimpime kwa nguvu zako wewe mzima, wala usimtie aibu mpaka aone heri kufa kuliko kuchekwa. Na ukienda kumwokoa mtu, angalia kwanza pumzi yake iko wapi. Nguvu bila macho nusura ziue mtu mikononi mwangu.

Mungu akupe masikio yanayosikia mapema na mikono isiyo na papara. Na siku utakapoumwa wewe, akuweke kati ya watu watakaokuamini.